Maharage ya Pindura

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba maharage yanaweza kumshtaki mtu. Siyo kwa maneno, maana hata koko wangu, bibi yetu mzaa mama, ambaye aliamini mengi, hakufika huko. Yalimshtaki mtu kwa kukataa kuiva. Leo nina mgahawa wangu mdogo wa mbao hapa Kamembe, ule ambao sisi tunauita malewa, kando ya njia ya kushuka Rusizi ya Kwanza, daraja la mpakani, na kila siku isipokuwa Jumapili nabandika sufuria ya maharage kwa ajili ya wapagazi na akina mama wanaovuka kwenda Bukavu. Nimeyapika mpaka nayajua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu. Lakini imani ile sijaweza kuitupa yote, na sababu ni siku moja ya mvua katika msitu wa Nyungwe, siku tuliyompeleka mama yangu mdogo kuolewa.

Koko alizaliwa Kongo, upande wa pili wa mto Rusizi, katika vilima vya Bushi nyuma ya Bukavu, akavuka na mumewe miaka ya mwanzo ya uhuru wakajenga Kamembe. Alikuwa shemasi wa kanisa letu. Alikwenda ibadani na Biblia iliyofungwa kwa kitambaa, na vijana waliomwona mbali walizima sigara. Ila akishakaa mbele ya moto wa kuni, alirudi kuwa mtu wa zamani. Alitufundisha kwamba chungu kinachopikia watu wengi kina masikio. Kama wote wanaokizunguka wana amani, kinaiva. Kama mmoja wao ameficha tumboni neno linalowahusu wenzake, moto hauingii ndani: maji yatachemka, yatatoa povu, na maharage yatabaki mawe. Dawa yake ni kwamba kila aliye pale asukume ukuni mmoja motoni na kusema neno lake kwa sauti. Anayesema uongo mbele ya moto huo, ulimi unamkauka kinywani. Tulimsikiliza jioni tukichambua maharage, tukacheka, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna sufuria iliyowahi kukataa.

Mama yangu mdogo aliitwa Furaha, nasi watoto tulimwita Tantine. Alikuwa kitinda mimba wa koko, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, na nililala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa kulala na mama. Jioni ya kuamkia safari yetu, wengine wakiwa bado wanafunga mizigo, aliuchukua mkono wangu akauweka chini ya kitovu chake. Palikuwa pagumu kidogo na pa moto.

“Humu muko ndugu yako,” alininong’oneza. “Usiambie muntu. Hata Maman.”

“Na Koko?”

“Koko zaidi ya bote.”

Nilikuwa mtoto, lakini nilijua uzito wa jambo hilo. Kanisani kwetu bibi harusi mwenye mimba habarikiwi. Anavuliwa shela, anatolewa kwaya, anakalishwa benchi la nyuma karibu na mlango mpaka wazee waseme ametubu, na mwanamume wake pembeni. Koko mwenyewe alikuwa ameshawapeleka wasichana wa watu kwenye benchi lile, akiwashika mkono. Mmoja wao alipokuwa analia, koko alisema mbele ya mama zetu kwamba kama angekuwa wa kwake, angempa mgongo barabarani na kurudi nyumbani bila kugeuka. Tantine Furaha alikuwa amesimama pale na daftari lake la nyimbo, akasikia.

Mimba ilikuwa ya bwana harusi, hilo niliseme mapema ili msimdhanie vibaya. Silasi alikuwa seremala aliyekaa miaka kadhaa Kamembe, mtu mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Baba yake alipougua alirudi kwao Bweyeye, ng’ambo ya msitu, na kwa kuwa mzee hakuweza kusafiri, ilikubaliwa ndoa ifungwe huko huko. Familia yake ilimtuma dada yake mkubwa, Dativa, aje amchukue bibi harusi.

Huyu Dativa ndiye aliyetutisha. Kwetu wifi wa upande wa mume si mtu wa kuchezea. Ndiye macho ya familia. Anamtazama bibi harusi anavyotembea, anavyokula, anavyojibu, kisha anapeleka habari, na nyumba nyingi zimeanguka kwa neno la wifi kabla hata ya kujengwa. Dativa alikuwa mrefu, mikono mikubwa, na Kiswahili chake kilikuwa kichache, kimechanganyika na Kinyarwanda. Kwa hiyo alinyamaza, na sisi tulidhani ananyamaza kwa sababu anaweka akiba. Siku mbili alizokaa kwetu Tantine hakumaliza sahani hata moja mbele yake.

Tuliondoka alfajiri kwa kamioneti ya kukodi: koko, mama, Tantine, Dativa, wanakwaya watatu wa kike, mimi, na wanaume wachache wa ukoo wetu waliokaa nyuma na mizigo. Tulibeba chakula cha karamu na sufuria kubwa mpya ambayo koko alikuwa anampa binti yake. Tulipanda na barabara mpaka msitu ukatufunika, baridi ikaanza kuingia kwenye nguo. Tulipofika njia panda ya Pindura tukaiacha barabara kubwa, tukaingia ile ya kushuka Bweyeye, siku hizo udongo mtupu. Hatukwenda mbali. Mvua ya usiku ilikuwa imekata ukingo, gurudumu la nyuma likazama mpaka katikati, gari likalalia ubavu kwenye ukuta wa udongo. Hakuna aliyeumia. Dereva alizunguka gari lake akitukana kwa sauti ya chini kwa heshima ya koko, kisha akasema lazima watafutwe watu wenye majembe na kamba. Akaondoka na wanaume wote kurudi tulikotoka.

Tukabaki wanawake na ukungu. Kilichokuwa kinasikika ni maji yakidondoka na nyani mahali fulani wakigombana. Mwanakwaya mmoja alianzisha wimbo, akaishia ubeti wa kwanza. Watu walisema bado kuna tembo msituni, na kila tawi lililovunjika niliona mkonga.

Koko hakupenda watu kukaa bure. “Banaume batarudia na njaa, na bale batu ba majembe vilevile,” alisema. “Tupike. Ya nguvu.”

Tulifunga turubai kutoka ubavu wa gari hadi kwenye miti. Mawe matatu tuliyatoa ukingoni. Kuni ndizo zilizotusumbua, kila kitu kilikuwa kinavuja maji, mpaka Dativa alipoingia msituni bila kuaga na kurudi na mzigo wa kuni kavu alizozitoa ndani ya gogo lililooza. Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Koko aliosha maharage, akayamimina kwenye sufuria mpya, akaweka maji. Mengine yalisubiri zamu: ndizi za kupika, ndagala, yaani dagaa, wakavu kutoka Bugarama, vitunguu, chupa ya mawese iliyoganda kwa baridi. Maharage kwanza. Yakishalainika, vingine vinafuata haraka.

Dativa aliinama kidogo mbele ya koko, mikono imefumbatana, kama wanavyofanya kwa wakubwa.

“Mukecuru,” alisema, yaani bibi mheshimiwa, “maharagi, huku juu...”

“Mwanangu,” koko alimkatiza, “nilianza kupika maharagi mbele mama yako akuzae.”

Wanakwaya wakacheka. Dativa akaenda kukaa upande wa pili wa moto.

Asubuhi ikaisha. Sufuria ilichemka vizuri, mvuke ukapanda mpaka kwenye turubai na kurudi matone. Mimi nilipewa kazi ya kupepea moto kwa kipande cha karatasi ngumu. Kila baada ya muda koko alizamisha mwiko, akatoa harage moja, akalipuliza, akaling’ata kwa jino lake la upande. Mara ya kwanza alilitupa tu. Mara ya pili alilitazama kabla ya kulitupa. Adhuhuri ilikuja na kupita, tukaongeza maji, tukaongeza kuni, tumbo langu likawa linaongea. Koko aling’ata tena, na safari hii nilisikia jino likigonga.

Aliuweka mwiko chini.

“Moto haiingie,” alisema.

Mama alijaribu kucheka. “Mama, pengine maharagi ni ya zamani.”

“Gunia ni ile ya nyumbani. Jana ilikwiva. Leo inakatala.” Alitutazama mmoja mmoja kuzunguka moto. “Hapa muko muntu na neno.”

Nataka mnielewe jinsi hofu ile ilivyoingia. Nyumbani tungecheka. Lakini pale tulikuwa na njaa na baridi, wanaume hawajarudi, ukungu umekaribia mpaka kwenye magurudumu, na sufuria kweli ilikuwa inachemka tangu asubuhi bila harage hata moja kupasuka ganda. Nililiona kwa macho yangu. Niligeuka kumtazama Tantine Furaha, na nilipoona uso wake nilijua anaamini na yeye. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya kitenge, pale pale alipouweka mkono wangu.

Koko alivunja kuni ndogo ndogo akazipanga mbele ya magoti yake. Alianza na wanakwaya. Wa kwanza, mama mnene aliyependa utani, alisukuma ukuni wake na kusema kwamba aliwahi kumwambia jirani kuwa Maman Zawadi anaimba na pua. Zawadi ndiye mimi, na Maman Zawadi ni mama yangu. Mama akasema amesamehe, lakini hakutabasamu. Wa pili alikuwa amevunja sahani ya kanisa na kuizika. Wa tatu alilia kabla hajasema, akasema hana kitu, ila huwa analia tu akisafiri. Kila mmoja akimaliza, koko alitoa harage, akang’ata, akalitupa nyuma yake gizani mwa miti.

Mama akasukuma wake. “Mie nilikasirika,” alisema, na sauti yake ikanishangaza. “Kitenge mulimununulia Furaha ni ya muzuri kuliko ile mulininunulia siku yangu. Nilikasirika na bado nimekasirika.”

“Nimesikia,” koko alisema. Akang’ata harage. Gumu.

Sasa watu waliobaki walikuwa wachache. Wakati wote huo Dativa alikuwa ameketi upande ule ambako makaa ya asubuhi yalikuwa yamekufa na kuacha majivu meupe. Nilimwona anayachota kwa kiganja, anayatia kwenye kikombe cha bati, anamimina maji, anakiweka kitulie kando ya goti lake. Nilidhani anasafisha kikombe. Nilikuwa na mambo yangu.

“Furaha,” koko aliita.

Tantine alipiga magoti. Ukuni aliochukua ulikuwa mbichi, ukatoa moshi, ukatutoa machozi sote, na ikawa vigumu kujua nani analia kweli. Nilikuwa naomba kwa Mungu wa kanisani na kwa chochote kingine kilichokuwa kinasikiliza msituni humo.

“Siko na neno,” alisema.

Koko alitoa harage. Hakuling’ata. Alilibana kwa vidole viwili mbele ya uso wa binti yake, na harage halikubonyea.

“Mutoto wangu, mficha maradhi kifo humuumbua.”

“Mama, siko na neno.”

“Bon. Sitakuuliza mara mbili.” Koko aligeuza kichwa taratibu, na macho yake yakanipata mimi. “Zawadi. Ni weye unalalaka naye. Kuya hapa.”

Nilikwenda. Sikumbuki miguu yangu, nakumbuka mkono wa koko ukitua shingoni mwangu, mkono wa joto, usio na ukali wowote, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi kwa sababu nilimpenda. Alinipa ukuni. Nikiusema ukweli, Tantine anapewa mgongo barabarani, na wifi yupo hapa hapa anasikiliza, kesho Bweyeye nzima inajua. Nikidanganya, ulimi wangu unakauka. Niliugusa kwa meno, na ningeapa ulikuwa umeshaanza kukauka. Nilimtazama Tantine. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alinitazama tu, na nadhani alikuwa ameshanisamehe kabla sijasema lolote.

Nilisukuma ukuni. Nilifungua kinywa. Mpaka leo sijui kingetoka nini.

“Mukecuru, ngoja,” alisema Dativa. “Mie bado.”

Wote tuligeuka. Hakuna aliyekuwa amemkumbuka. Au tulimkumbuka, lakini nani angethubutu.

“Weye ni mugeni,” koko alisema. “Mugeni hatumuulizake.”

“Moto hii niko naota na mie. Kama ni ya bote, ni na ya mie.”

Aliinuka, akiwa na kikombe chake cha bati. Alisema maji yamepungua, na ni kweli yalikuwa yamepungua, akamimina polepole ndani ya sufuria yale maji ya juu yaliyotulia, akaacha tope la kijivu chini ya kikombe na kulimwaga kwenye nyasi. Kisha alipiga magoti karibu nami, akanisogeza pembeni kwa kiwiko chake kikubwa, akasukuma ukuni.

“Neno ni ya mie,” alisema. “Sikumupenda huyu binti. Nilimwambia ndugu yangu atafute muke wa kwetu. Tangu Kamembe niko namuangalia tu, nione kosa yake, nipeleke. Nilikuya na roho mubaya. Ni mie nafunga sufuria yenu.”

Wanakwaya wakasogea nyuma, wote kwa pamoja, hata yule mnene. Mama alishika kifua. Koko alimtazama Dativa kwa muda, na mimi niliyekuwa karibu niliona uso wake ukilegea, uso wa mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

“Umesema,” koko alijibu. “Tungoje.”

Tukangoja. Nilirudishiwa karatasi yangu nikapepea kama mwendawazimu. Povu lilipanda, rangi ya maji ikageuka kuwa nzito, halafu ikaja ile harufu ambayo hata leo ikinifikia njiani inanisimamisha, harufu ya maharage yaliyokubali. Ganda moja lilipasuka, likafuatiwa na lingine. Koko alitoa harage, akalitia kinywani, akalisaga kwa ulimi bila kutumia jino.

“Aksanti Yezu,” alisema.

Wanakwaya waliimba, safari hii mpaka mwisho wa wimbo. Ndizi ziliingia, ndagala wakaingia, vitunguu vikakaangwa pembeni kwa mawese na kumiminwa juu vikipiga kelele. Wanaume walifika na watu wa majembe jioni ikianza kuingia, wamelowa, wakaikuta sufuria imejaa mchuzi mzito mwekundu. Kila mtu alikula mpaka akafungua mkanda. Hakuna chakula cha harusi yoyote niliyokwenda baadaye kilichowahi kukifikia.

Dativa alipakuliwa wa mwisho. Alikaa peke yake upande wake wa moto, na kati yake na wengine palibaki nafasi ya watu wawili. Nikamwona Tantine Furaha anachukua sahani yake, anazunguka moto, anaketi katika nafasi ile. Wakala sahani moja. Koko aliwaonyesha wanaume kwa mwiko. “Angalieni mutoto wangu,” alisema kwa kujivuna. “Anajua kusamehe.”

Ndoa ilifungwa, na shela ikiwa kichwani. Mtoto alizaliwa mapema mno. Koko alipoletewa habari alianza kuhesabu miezi kwa vidole, mbele yetu, akafika mahali akaviacha vidole vyake vikiwa vimenyooka hewani, kisha akaomba kitenge chake ajitayarishe kwenda kumwona mjukuu. Hakuuliza kamwe. Kama alielewa, alikwenda nalo kaburini, na sikuwahi kumsikia tena akitisha mtu yeyote kwa habari ya mgongo barabarani.

Lakini habari ya sufuria aliisimulia. Aliisimulia kanisani, sokoni, kwenye misiba, na ilikuwa habari nzuri, mwaweza kuona wenyewe. Ikafika Bweyeye kabla ya mwezi kwisha. Tangu hapo Dativa akawa yule mwanamke anayefunga sufuria. Hakuna aliyemtukana; sisi hatutukani, tunapanga tu. Kwenye kila harusi na kila kilio, akina mama wakiinjika vyungu, mmoja angemwambia kwa upole, “Maman, si ututafutie maji?” Naye alichukua ndoo akaenda. Nilimwona hivyo miaka na miaka, nikiwa msichana, nikiwa nimeolewa, yeye akipanda mlima na maji huku wengine wameketi penye moto wanacheka.

Alipozeeka mguu ulimsumbua, akaja Kamembe kutafuta matibabu, na kwa kuwa Tantine alikuwa mbali, alikaa kwangu. Mchana alikuja malewa kunisindikiza. Siku moja wateja wamepungua, nilimletea kiti karibu na moto, karibu kabisa, nikaona anasita kabla ya kukaa. Nikamuuliza.

“Maman, siku ile ya Pindura. Mulimwaga nini mu sufuria?”

Alinitazama kwa mshangao, halafu akacheka mpaka mguu ukamuuma. “Uliona?”

“Niliona kikombe.”

“Maji ya majivu. Kule juu, bila ile, maharagi haiive. Baridi ya kule inakatala. Mie nilipikiaka bapasua mbao mu ile pori tangu niko binti. Kila muntu wa kule anajua.”

Nilikaa chini. Miaka yote ile! Sikuwa na hasira na koko, alikuwa ameshakufa na nilikuwa nikimkumbuka kila siku, lakini nilihisi hasira imenipanda, sijui kwa nani.

“Sasa kwa nini hamukusema tu majivu? Kwa nini mulijisema mwenyewe?”

“Nilianza kusema, koko yako akanifunga kinywa. Na tena,” aliongeza, akiuangalia moto, “koko yako hakuwa anatafuta majivu. Alikuwa anatafuta muntu.”

Hilo lilinikalia. Maharage yalitokota, nami nikajikuta nauliza swali la kitoto.

“Na ile neno mulisema, ilikuwa ya kweli?”

“Nusu,” alisema. “Kumuangalia, nilimuangalia. Nilimuona nyumbani kwenu anageuza uso juu ya harufu ya ndagala. Nikajua. Nilikuwa na neno ya kupeleka kwetu, ya nguvu, bibi harusi iko na mimba. Niliibeba njia yote.” Alisugua goti. “Halafu nikaona mutoto ananyanyuliwa mbele ya moto, anafungua kinywa. Kitoto ya hivi. Nikasema hapana. Hii neno haitatokea mu kinywa ya mutoto.”

Sikuweza kumshukuru, maana ningelia mbele ya wateja wawili waliokuwa wameingia. Nilimpa mwiko. Alipika siku hiyo, na kesho yake, na siku zote alizobaki kwangu, na wapagazi waliniuliza nimebadilisha nini kwenye maharage. Dativa hayupo tena. Tulimzika Bweyeye, nami nilikwenda nikasimama penye moto na akina mama wa kule, nikawasimulia yote, majivu na mengine. Tantine Furaha mwenyewe ndiye aliyenituma nisiache kitu.

Mtu aliyesoma atasema koko alikosea, na ni kweli, mlima ndio uliofunga sufuria, kwa kuwa kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Lakini mimi nilikuwepo. Kulikuwa na neno kwenye moto ule, lilikuwa karibu kummaliza mtu, na likatoka kwa njia ile ile koko aliyoisema: mmoja akasukuma ukuni na kulitangaza kuwa lake. Koko hakusema kamwe kwamba ni lazima liwe lake kweli.

Siku hizi maharage yakichelewa na wateja wameanza kugonga vijiko, wasichana wanaonisaidia hutaniana, “Nani hapa iko na neno?” Huwa wanatazamana, na mara nyingi wote humtazama yule mgeni aliyeanza kazi juzi. Basi mimi nachukua ukuni, nausukuma motoni. “Ni ya mie,” nawaambia, halafu tunaendelea na kazi.